Sala Tuliyoiitikia Bila Kuielewa

Alhamisi jioni ni siku ya jumuiya mtaani kwetu. Wakatoliki wa nyumba za kaunti, sisi wa upande huu wa Jogoo Road, hukutana leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Viti vinaazimwa kwa majirani, meza inatandikwa kitambaa cheupe, mshumaa unawashwa mbele ya msalaba. Tunasoma Injili, kila mtu anaifafanua kwa akili aliyopewa, kisha tunafika pale ninapopapenda mimi kuliko pengine pote, kwenye nia. Kila aliye na lake huliomba kwa sauti. Akimaliza husema, "Twakuomba, ee Bwana," na sisi sote tunaitika, "Utusikie."

Napapenda kwa sababu mimi ni mtu wa kutaka kujua. Mama huniita mbea, lakini ananionea. Mbea hupeleka maneno. Mimi nayaweka tu. Ukitaka kujua mtaa unaumwa wapi, keti wakati wa nia ufungue masikio. Utajua nani amesimamishwa kazi Industrial Area, binti wa nani amekataa kuolewa, na mgonjwa gani amefichwa chumba cha nyuma. Watu hawawezi kukuambia mambo hayo kwenye foleni ya maji, lakini Mungu wanamwambia, na wewe umeketi hapo hapo.

Ni mtu mmoja tu aliyenishinda, shosho mmoja, bibi kizee wa nyumba ya pili.

Shosho huyu ni Mteso, wa kule Busia karibu na mpaka, mjane wa mtu wa reli. Amekaa Nairobi miaka mingi kuliko umri wa mama yangu. Kiswahili anakijua vizuri. Mkute kwenye mfereji mtu akijaribu kuruka foleni mbele ya mtungi wake, ndipo utajua kwamba anakijua. Lakini ikifika zamu yake ya kuomba, anafumba macho, anashika rozari yake, na anaingia kwenye Kiteso. Hapo kwetu hakuna Mteso mwingine. Kuna sisi wa Murang'a, kuna Waluhya, kuna Wajaluo, kuna Wakamba wawili watatu. Neno Edeke tulilijua, kwamba ndiye Mungu. Yaliyobaki yote yalikuwa giza tupu. Akishamaliza anarudi kwenye Kiswahili, "Twakuomba, ee Bwana," na sisi wote kwa moyo mmoja, "Utusikie."

Siku moja mwenyekiti wa jumuiya, mzee mmoja anayeomba kama anayesoma taarifa ya habari, alimwambia kwa heshima, "Mama, ungetuombea kwa Kiswahili ili nasi tuelewe tunachoitikia." Shosho akamjibu, "Kiswahili ni lugha yangu ya kugombania maji. Siwezi kwenda nayo mbele za Mungu." Watu wakacheka, mwenyekiti akacheka, na mambo yakaishia hapo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa nikijiuliza, jamani, huyu mama anaomba nini kila wiki, na sisi tunaweka muhuri tu?

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Mwaka huo nyumba yetu ilikuwa na nia moja tu, na nia hiyo ilikuwa kaka yangu arudi nyumbani.

Baba yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kila asubuhi anavuka reli kwa miguu kwenda Industrial Area, na jioni anarudi kwa njia ile ile, macho mekundu. Ni mtu wa maneno machache, na neno lake ni neno. Akisema Jumamosi atapaka mlango rangi, Jumamosi hiyo mlango unanuka rangi, mvua inyeshe isinyeshe. Alikuwa amembembeleza msimamizi wake mpaka kaka akapata nafasi ya kibarua pale karakana. Kwa baba, kubembeleza mtu ni kazi ngumu kuliko kubeba mihimili. Kaka akaenda, akafanya muda mfupi, akaacha. Alikuwa ameonja biashara ya Dandora. Kule kwenye jaa la taka alikuwa ananunua friji mbovu na televisheni zilizokufa, anazifungua, anatoa shaba, anauza. Alikuwa anapata riziki, tena nzuri. Lakini baba aliona kitu kimoja tu, mtoto wake aliyemaliza kidato cha nne, aliyeombewa kazi, ameamua kuokota taka.

Siku waliyogombana, mimi na mama tulikuwa Murang'a kwenye mazishi. Tuliporudi tulikuta kitanda cha kaka kimekunjwa na baba anakunywa chai. Mama akauliza, "Kijana yuko wapi?" Baba akasema, "Ameenda." Mama akauliza ameenda wapi. Baba akasema, "Aliko." Mama alimjua mumewe, hakuuliza la tatu. Alikwenda chumbani akavua kitambaa cha kichwani na kukaa kitandani, akakikunja na kukikunjua. Niliumia sana, na nilimkasirikia baba kiasi kwamba sikummiminia chai wiki nzima.

Jambo jingine tulilolikuta siku hiyo ni nondo nyuma ya mlango, kipande kizito cha chuma cha kadiri ya urefu wa mkongojo, kimeegemezwa ukutani. Mama alidhani ni cha kuwapigia wezi, maana mtaani walikuwa wameongezeka, na akasema afadhali. Mimi nikakigeuza mahali pa kutundika skafu yangu.

Basi kuanzia hapo, kila Alhamisi mama aliomba nia ile ile. "Kwa ajili ya mtoto wangu, Mungu amrudishe nyumbani akiwa mzima. Twakuomba, ee Bwana." Sisi, "Utusikie." Aliiomba kwa sauti iliyonyooka, bila kulia, kwa sababu aliamini. Mama yangu anauza nguo za watoto za mitumba Gikomba, na anaamini Mungu jinsi anavyoamini kwamba robota la nguo likifunguliwa lazima kutakuwa na sweta moja safi ndani. Kaka alikuwa amebadilisha laini ya simu. Mara mbili mama alienda Dandora kumtafuta, na mara zote aliambiwa, alikuwa hapa sasa hivi tu.

Na kila Alhamisi, mara tu baada ya nia ya mama, shosho naye alifumba macho akaanza Kiteso chake. Kwanza sikulitia maanani. Baadaye nikaanza kuona kwamba hakusubiri wengine tena. Zamani aliomba wa mwisho. Sasa aliomba papo hapo nyuma ya mama, kama mtu anayeingiza kiatu mlango usijifunge. Nikasema moyoni, huyu ana lake.

Nikabuni mengi. Kwanza nilidhani anaombea mbuzi wake kule Busia. Halafu nikadhani anamwombea marehemu mumewe, lakini marehemu gani wa kuombewa kwa sauti kali namna ile? Mwishowe uvumilivu ulinishinda. Nilimkuta anaanika nguo nikamwuliza waziwazi, "Shosho, wewe huwa unaomba nini?"

Alibana kibanio kwenye kamba, akanitazama. "Wewe si uliitika?"

"Niliitika."

"Basi ni yako pia. Kamata ncha ile ya shuka."

Ndivyo nilivyopewa jibu, nikakamata shuka.

Krismasi ikaja. Kaka alimtumia rafiki yake wa zamani ujumbe kwamba atakuja kula na sisi. Mama alipika chapati tangu asubuhi, akachinja kuku, akafua mapazia. Baba alikuwa nyumbani, ni sikukuu, na alihamisha kiti chake karibu na mlango akaketi hapo kutwa nzima. Hakula vizuri. Mimi nilidhani naye anangoja kwa hamu kama sisi. Jua likazama, kaka hakuja. Mama alizifunika chapati kwa sahani akasema, "Shetani anapigana na mtoto wangu."

Pasaka ikawa hivyo hivyo, tena mbaya zaidi, maana mama mboga wa getini aliapa kwamba alimwona kaka kwa macho yake, amesimama hapo nje na mfuko mkononi, kisha akageuka akaenda. Mama aliposikia alikimbia na ndara mpaka Jogoo Road. Alirudi ndara moja imekatika, akaketi kwenye kizingiti, na hapo ndipo nilipomsikia akisema jambo ambalo sikuwahi kudhani litatoka kinywani mwake. Alisema, "Labda hakuna anayesikia."

Niliogopa. Kaka kutokuwepo niliweza kuzoea, lakini mama asiyeomba sikumjua. Alhamisi iliyofuata zamu yake ilipofika alinyamaza. Watu walingoja. Mshumaa ukawa unalia nta. Shosho, badala ya kuanza Kiteso chake, naye akanyamaza akamtazama mama, na nikaona anafuta macho kwa upande wa leso. Mwenyekiti akaokoa jahazi kwa kuombea serikali.

Tulipokuwa tunatoka mama alimshika shosho mkono. "Mama, kwangu pamekauka. Niombee wewe kwa lugha yako. Pengine hiyo ndiyo inayofika."

"Naomba," shosho akasema. "Nimekuwa nikiomba."

Mama akamshukuru. Mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba viti viwili, na niliona uso wa shosho ukiwa kama wa mtu aliyeombwa chumvi ilhali ndiye aliyeificha. Nilijiambia nitalijua jambo hili hata kama itanibidi nijifunze Kiteso.

Mvua za masika zilipokolea, shosho aliteleza kwenye ngazi ya mlango wake. Ni ngazi mbili tu za saruji, lakini zimelika na maji yamezifanya sabuni. Baba ndiye aliyekuwa anapita, akambeba mpaka ndani. Mguu haukuvunjika, ulifura tu, lakini tangu siku hiyo kila akitaka kutoka ilibidi aite mtu. Baba hapendi kuona kitu kinachoweza kutengenezwa kikikaa bila kutengenezwa. Nilimsikia akimwambia kwamba atamletea chuma kutoka karakana, amtilie kishikio pale ngazini.

Walichoongea baada ya hapo sikukisikia. Nilichoona ni kwamba baba alirudi ndani, akasimama nyuma ya mlango wetu, akaangalia. Aliangalia muda mrefu. Halafu akaenda kulala bila kusikiliza habari, naye habari haikosi hata kama kuna mafuriko. Siku kadhaa zilipita. Kisha asubuhi moja nikatafuta skafu yangu nikaikuta imekunjwa juu ya meza. Nilipotoka nje nilimwona baba anavuka kuelekea relini, ile nondo begani.

Jioni alirudi nayo imekatwa, imepindwa, imechomelewa, imepigwa rangi ya kijani. Aliifunga kando ya ngazi ya shosho kwa saruji. Shosho alishika kishikio kipya, akapanda, akashuka, akapanda tena. Kisha akaketi juu ya ngazi akalia waziwazi, na baba akaokota vifaa vyake haraka haraka akaingia ndani.

Alhamisi hiyo hiyo sala yake ya Kiteso ilikuwa fupi. Zile zote za zamani zilikuwa ndefu na zenye kung'ang'ania, lakini hii ilikuwa maneno machache tu, kama unavyomwambia mtu mlangoni, haya, pita. "Twakuomba, ee Bwana." Nasi, "Utusikie." Mama aliitika kwa sauti ya chini, ya mtu anayefuata wengine tu.

Haukupita muda. Jumamosi mchana tulikuwa tunakula githeri, mlango ukagongwa, kaka akaingia. Alikuwa amenenepa kidogo. Mkononi alikuwa na mfuko wa machungwa. Mama aliinuka sahani ikaanguka, akamshika usoni kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nalia na kucheka. Lakini hata nikilia macho yangu hayalali, na niliona kitu. Kaka alipovuka kizingiti, kabla hajamtazama mama, kabla hajanitazama mimi, alitupa jicho nyuma ya mlango.

Baba hakuinuka. Alimtazama kaka, kaka akamtazama. "Funga mlango," baba akasema. "Nzi wanaingia." Kaka akaufunga. Baba akasogea kwenye benchi akamwachia nafasi, na kaka akaketi hapo kando yake wakala.

Nilimbana kaka siku hiyo hiyo, nikimsindikiza stejini apande matatu. "Ulikuwa unatafuta nini nyuma ya mlango?"

"Siz, wacha."

"Siwachi."

Akanieleza. Siku ile tulipokuwa Murang'a, baba alikuja na nondo, akamwonyesha, akaiegemeza hapo, akasema kwamba siku atakayorudi na harufu ya Dandora, kwa nondo hiyo atamvunja miguu. "Na unamjua buda wetu," kaka akasema. "Hiyo haikuwa maneno." Nikamwuliza mbona basi alitaka kuja Krismasi. Akasema alimkumbuka mama, akaona potelea mbali, acha avunjwe. Lakini asubuhi ile lori lake la friji mbovu likaharibika katikati ya barabara, na ukiacha lori la friji Dandora hulikuti. Alililinda mpaka giza. Na Pasaka? Akacheka kwa aibu. Pasaka alifika getini amevaa viatu vipya, akakuta bomba la maji machafu limepasuka na njia yote ni mto. Akasimama akafikiria. Akasema, nije nipigwe, sawa, lakini na viatu? Akajiambia atarudi kesho. Kesho yake moyo ukawa umepoa.

"Na sasa je, kwa nini ulikuja?"

"Sijui," akasema. "Niliamka tu nikaona ni leo. Sikuogopa."

Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini. Baba na kaka walikuwa wamegombana nyumbani peke yao, lakini nyumba zetu ni za zamani. Ukuta kati ya jirani na jirani haufiki juu, umeachiwa nafasi chini ya paa, na jirani akikohoa unamwambia pole. Mtu mmoja alikuwa nyuma ya ukuta ule. Nilipitiliza moja kwa moja, nikashika kishikio cha kijani, nikaingia kwa shosho bila kubisha.

"Shosho, ulisikia siku ile."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Nilisikia."

"Na ulikuwa unaomba nini?"

Safari hii hakuniuliza kama niliitika. Aliweka uteo chini. "Mama yako alikuwa anamwambia Mungu, mrudishe. Mimi nikawa namwambia, usimrudishe. Bado. Huyu mwanamume ameapa, nami namjua, akiapa anafanya. Ukimrudisha mtoto leo utamrudishia mama kilema, na mumewe ataenda jela. Mzuie. Mzuie kwa chochote ulicho nacho, hata kwa matope. Mpaka chuma kile kitoke nyuma ya mlango."

"Hata kwa matope? Ulisema hivyo?"

"Nilisema. Kwani kuna nini?"

Sikumweleza la viatu. Nilimwuliza kwa nini hakumwambia mama. Akasema, "Ningemwambia mama yako, naye angemwambia baba yako, naye baba yako angeapa mara ya pili. Mtu aliyeapa mara moja bado unaweza kumwomba. Nilipoanguka na akaja na huruma zake za chuma cha karakana, nikamwambia, baba, chuma cha karakana sikitaki. Nataka kile cha nyuma ya mlango wako. Alijua hapo hapo kwamba nilisikia. Akaenda zake. Nikarudi kwa Edeke, nikasema, mimi nimefika mwisho wa ujanja wangu, sasa ni wewe."

Tukasikia kitu kikianguka. Hakikuanguka kwa shosho, kilianguka kwetu. Mimi na shosho tukatazama juu, pale ukuta unapoishia. Nilikuwa nimesahau kwamba mama yuko ndani anakunja nguo za kuuza.

Alikuja na sweta ya mtoto bado mkononi. Hakushika kishikio, alipanda ngazi kwa hasira mpaka nikaogopa atateleza. "Mama," akamwambia shosho, "nilikushika mkono. Nilikuambia kwangu pamekauka. Na wewe ulikuwa unamfungia mtoto wangu nje, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Kila Alhamisi nilikuitikia."

"Ndiyo," shosho akasema.

"Nilidhani Mungu hayupo. Unajua ni kitu gani hicho? Nililala nikijua hayupo."

"Najua. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko mguu."

Mama akasema kwamba tangu leo hataitikia tena sala asiyoielewa, akageuka akatoka. Nilimfuata. Ndani, baba alikuwa amesimama katikati ya chumba. Alikuwa ameingia kutoka nje, naye amesikia, ukuta wetu hauchagui. Mama akamtazama akimngoja akane. Angekana, nadhani angemwamini, maana alitaka kumwamini.

"Ningemvunja," baba akasema. "Krismasi ile ningemvunja." Akaketi kwenye kile kiti cha karibu na mlango. Sijawahi kumwona baba akilia, na hata siku hiyo sikumwona, alikuwa ameinama.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu wakati huo, na mimi nikifikiria situlii. Tulikuwa tunaomba vitu viwili vinavyopingana, chumba kimoja, jioni moja, kwa midomo ile ile. Mrudishe, utusikie. Usimrudishe, utusikie. Je, Mungu alisikia ya nani? Ukiniuliza mimi, alisikia zote mbili, akaanza na ya shosho. Rafiki yangu mmoja asiyeamini anasema ni bahati tu, mabomba ya huku kwetu Eastlands yanapasuka kila wiki, huhitaji Mungu. Ni kweli yanapasuka. Lakini mimi namwuliza, na kule kuamka bila woga Jumamosi ile, kulipasuka kutoka bomba gani? Anacheka. Hana jibu, na mimi pia sina la kumfunga mdomo. Nina udadisi tu, na sasa una mahali pa kukaa.

Alhamisi iliyofuata jumuiya ilikuwa kwetu. Mama na shosho hawakuwa wamesemezana tangu siku ile. Kwenye mfereji walipishana kama wapangaji wapya. Shosho alikuja hata hivyo, akaketi mahali pake pa siku zote, karibu na mama. Baba, ambaye siku za jumuiya hutoka akaenda kutazama mpira, safari hii hakutoka. Alisimama nyuma ya mlango, pale pale ilipokuwa nondo, mikono nyuma.

Tulisoma, tukafafanua, tukafika kwenye nia. Mama hakuomba kitu. Shosho akafumba macho. Kiteso kikaanza, si kirefu si kifupi. Sikumtazama yeye, nilikuwa namtazama mama. Midomo yake ilikuwa imebanwa.

"Twakuomba, ee Bwana," shosho akamalizia.

"Utusikie," tukaitika, lakini sauti ya mama haikuwemo, na shosho alijua haimo, maana alibaki amefumba macho akingoja.

Kisha nyuma ya mlango sauti nzito, ambayo jumuiya ile haikuwahi kuisikia, ikasema peke yake, imechelewa, "Utusikie."

Watu waligeuka. Baba alikuwa anatazama sakafu. Mama naye aligeuka, akamtazama mumewe, akarudisha uso mbele. Akavuta pumzi.

"Utusikie," akasema.

Baadaye nikimimina chai nilimsogelea sikioni. Nilishindwa kujizuia. "Mama, unajua leo ameomba nini?"

"Sijui," mama akasema. "Mpelekee chai yake kwanza, kabla haijapoa."